Ubatizo haufuti chale

Masomo: Mambo ya Walawi 19; Matendo ya Mitume 8:26–40 na 15:1–29; Yakobo 2:1–9



Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara kwa barabara ya Kilwa, utapita Kibiti, kisha utafika Ikwiriri kabla hujauvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Ikwiriri ni mji wa njiani. Wenyeji wake ni Wandengereko na Warufiji, lakini wamo pia Wamatumbi na Wangindo, Wamakonde waliopanda kutoka kusini, na walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara waliotoka mikoa ya bara. Wamo pia wafugaji waliokuja na ng'ombe wao, wengi wao baada ya Serikali kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Mbarali, mwaka 2006 na 2007.

Kaa nusu saa kwenye stendi ya mji wa namna hii, uangalie miili ya watu. Huyu mama ana kipini puani. Binti yule katoka harusini, mikono yake imejaa hina na piko. Mzee wa Kimakonde ana chale usoni, zimepangwa kwa ustadi kuanzia paji la uso hadi mashavuni. Kijana wa Kimaasai ana ndewe zilizotanuka. Mama wa Kibarbaig ana chale zinazozunguka macho kama miwani. Dereva wa bodaboda kachora jina la mtu mkononi kwa wino usiofutika. Na wewe mwenyewe unayewatazama, huenda una kovu la chanjo begani na matundu ya hereni uliyotogwa ukiwa mtoto mchanga, bila kuulizwa.

Wote hao wana miili iliyotiwa alama, ila hatuwatazami kwa jicho moja. Kipini tunakiita urembo na hina tunaiita furaha ya harusi. Chale za mzee tunaziita ushamba, na pengine uchawi. Ndewe za Mmaasai tunazipiga picha za kalenda, na mwenyewe tunampa ulinzi wa geti. Sebuleni hatumpi kiti. Chale za mama wa Kibarbaig tunazikimbia. Jina lililochorwa kwenye mkono wa kijana ndilo linalotutosha kusema huyu ni mhuni, mvuta bangi, ametoka jela, au amejiunga na Frimasoni. Akiwa ni binti, maneno huwa mabaya zaidi, wala siyaandiki hapa.

Swali langu kwa Jumapili ya leo ni dogo. Kati ya watu hao wa stendi, ni nani anayeweza kuingia katika kanisa lako asubuhi hii, akakaa benchi la katikati, na aliye karibu naye asisogee?

Mstari wa 28 na ndugu zake

Najua utakachonijibu. Utanifungulia Walawi 19:28, mahali ambapo Mungu anawakataza Israeli kuchanja miili yao kwa ajili ya wafu na kujiandika alama mwilini. Mstari huo upo, na sina nia ya kuuficha. Ila tuusome tukijua ulikotoka.

Mataifa yaliyowazunguka Israeli yalikuwa na desturi ya kujikatakata wakati wa msiba na wakati wa ibada za miungu yao. Kumbukumbu la Torati 14:1 inakataza jambo hilohilo kwa sababu hiyohiyo, na katika 1 Wafalme 18:28 tunawaona manabii wa Baali wakijikata hadi damu ikachuruzika, wapate kusikiwa na mungu wao. Katazo lile liliwaambia Israeli kwamba Mungu wao hanunuliwi kwa damu ya majeraha, na kwamba wafu wao hawahitaji kulishwa kwa maumivu ya walio hai. Anayekwenda kwa mganga leo kuchanjwa ili apate kinga, mali au mchumba, mstari huu unamhusu moja kwa moja, hata kama chale zake zimefichwa chini ya suti na tai.

Sasa fanya jambo moja zaidi. Usiufunge ukurasa. Soma sura yote ya 19 kuanzia mwanzo hadi mwisho, uone mstari wa 28 unaishi na majirani gani. Mstari wa 13 unasema ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Mstari wa 14 unakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo. Mstari wa 15 unataka hukumu ya haki, isiyompendelea maskini wala kumwogopa mkubwa. Wa 16 unakataza umbeya. Wa 27 unakataza wanaume kunyoa pembe za kichwa na kuharibu ncha za ndevu, na huo uko mlangoni kabisa mwa mstari wa 28. Wa 35 na 36 unataka mizani ya haki na vipimo vya haki.

Hebu tujiulize kwa uaminifu. Ni mzee gani wa kanisa amewahi kusimamisha ibada kwa ajili ya kijana aliyenyoa pembe za kichwa? Ni nani ametengwa na meza ya Bwana kwa kununua ufuta au korosho kwa lumbesa, au kwa mizani iliyochezewa? Ni mama gani ameonywa mbele ya ushirika kwa sababu mshahara wa msichana wake wa kazi umelala kwake miezi mitatu? Tumechukua mstari mmoja unaomhusu mwingine, tukaiacha mingine inayotuhusu sisi. Waswahili walisema avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Mwenye mchoro mkononi ndiye papa wetu. Dhambi zetu zinaogelea kimya karibu naye kwa sababu hazionekani kwenye ngozi.

Na mistari mitano tu baada ya ule wa 28, yaani mstari wa 33 na 34, kuna amri ambayo wenye kupenda kunukuu chale hawaifikii. Mungu anasema mgeni akikaa nanyi katika nchi yenu msimwonee. Awe kwenu kama mzaliwa wa kwenu, nanyi mmpende kama nafsi zenu. Kisha anatoa sababu: Israeli nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri.

Mkristo wa Ikwiriri na Kibiti aisome sababu hiyo mara mbili. Katika eneo lile Wakristo ni wachache miongoni mwa majirani Waislamu, na wengi wao si wazaliwa wa hapo. Ni watu wa kuja. Walihamishiwa kazi, au walifuata mbao, mpunga na biashara. Walipokelewa na wenyeji waliokuwa na dini nyingine na lugha nyingine, wakapewa chumba cha kupanga na kiwanja cha kujenga kanisa. Aliyepokelewa hivyo anawezaje kumsogelea mbali mgeni aliyefika baada yake?

Jina lililogeuka shtaka

Tulio wengi tunawaita wafugaji wale Wamang'ati. Jina hilo si lao. Wao hujiita Wadatoga, na Wabarbaig ni tawi lao mojawapo. Mang'ati ni neno lililotoka kwa Wamaasai, waliopigana nao zamani, na maana yake ni maadui. Kwa hiyo kila tunapomwita mtu kwa jina hilo sokoni tunamwita adui, hata kama anauza maziwa tu. Jina limetangulia, chale zimethibitisha, na hukumu imetolewa kabla mtu hajafungua kinywa.

Naandika haya nikijua kwamba Ikwiriri ina kidonda cha kweli. Mkulima aliyeamka akakuta shamba lake la mpunga limelishwa ng'ombe usiku ana haki ya kulia na kudai. Mwezi Mei 2012, baada ya mkulima mmoja kuuawa, vurugu kubwa zilizuka Ikwiriri. Hasira ikaelekezwa kwa wafugaji kwa jumla, nyumba na mali zikachomwa moto. Kisha kati ya mwaka 2015 na 2017 eneo lote la Rufiji na Kibiti likapita katika kipindi cha mauaji ya askari, viongozi wa vijiji na raia. Mwezi Aprili 2017 pekee askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja wilayani Kibiti. Watu waliopita katika mambo hayo wana sababu ya kuogopa, na si haki kuwacheka kwa hofu yao.

Lakini hofu haijui kuchagua. Inatafuta kitu kinachoonekana kwa urahisi ili ijishike hapo, na kitu kinachoonekana kwa urahisi kuliko vyote ni sura ya mtu. Kule Usukumani tumeyaona matokeo yake. Kwa miaka mingi bibi vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia watoto na wajukuu. Safari ya kumfikisha mtu kwenye panga huanza na maneno mepesi: "Mwangalie alivyo."

Ndiyo maana Walawi 19:15 ni zawadi kwa mji wenye kidonda. Hukumu ya haki humtafuta aliyetenda. Inauliza ng'ombe ni wa nani, waliingia shamba la nani, siku gani, hasara kiasi gani, nani aliona. Kwa maswali hayo kuna mabaraza ya ardhi, kuna serikali ya kijiji, kuna mahakama. Mwenye ng'ombe waliokula mpunga alipe mpunga. Mama mwenye chale usoni aliyekuja na mtoto mgonjwa kwenye zahanati hadaiwi gunia la mpunga la mtu yeyote. Mkristo anayepigania haki ya mkulima na akakataa wakati huohuo kumtukana mama yule hajajipinga. Ameitii sura moja, mstari wa 15 na mstari wa 34 pamoja.

Nembo za bibi zetu

Kuna neno la Kiswahili ambalo limebeba historia hii ndani yake. Leo tukisema nembo tunafikiria Nembo ya Taifa, au alama ya benki, ya shule, ya klabu ya mpira. Zamani nembo lilikuwa jina la chale za kabila zilizochanjwa usoni na mwilini. Mtu alibeba nembo yake kwenye ngozi ili popote atakapokwenda ajulikane ni mtoto wa watu gani. Kwa Wamakonde ilikuwa sanaa kamili, na wanawake wao waliongeza ndonya kwenye mdomo wa juu. Leo desturi hizo zimekaribia kutoweka, na waliobaki nazo ni wazee.

Kanisa la kusini mwa nchi yetu lilizaliwa katikati ya nyuso hizo. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipowafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani, mwaka 1876, walikaa miongoni mwa watu wenye nembo. Walioamini baadaye waliletwa kisimani na nyuso zao zilezile. Hakuna aliyetoka majini akiwa na shavu laini. Ubatizo ulifuta dhambi, haukufuta chale. Bibi aliyechanjwa akiwa msichana alibaki na nembo zake siku alipobatizwa, siku alipofunga ndoa, siku alipowafundisha wajukuu Baba Yetu, na siku alipozikwa kwa maombi ya Kanisa.

Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alikutana na swali gumu zaidi: jando. Angeweza kulipiga marufuku lote na kumfukuza kila aliyelipitia. Badala yake alikaa nalo, akatenganisha yale aliyoona yanapingana na imani na yale ambayo ni malezi ya jamii, kisha akaliweka jando chini ya maombi na uangalizi wa Kanisa. Watu wamebishana juu ya uamuzi huo mpaka leo. Ila jambo moja halina ubishi: alianza kwa kutaka kujua alama ile ina maana gani kwa mwenye nayo. Sisi mara nyingi tunaanza na hukumu, na hatufiki kwenye kuuliza.

Mkutano wa kwanza wa Kanisa ulihusu mwili

Tukitaja jando tumegusa Biblia yenyewe. Mkutano mkubwa wa kwanza wa Kanisa, ule wa Yerusalemu tunaosoma katika Matendo 15, uliitishwa kwa sababu ya alama ya mwilini. Kulikuwa na walioamini waliosema mtu wa mataifa hawezi kuokoka asipotahiriwa. Kwao mwili wa mtu ulikuwa ndiyo hati yake ya kuingilia. Petro akasimama akasimulia jinsi Mungu, ajuaye mioyo, alivyowapa watu wa mataifa Roho Mtakatifu bila kuwataka wabadilishe miili yao. Yakobo akakubali. Wakaamua wasiwatwishe mzigo ule.

Angalia ukubwa wa uamuzi huo. Tohara ilikuwa ishara ya agano tangu Ibrahimu, na mitume wote walikuwa nayo. Ikiwa alama takatifu kama ile haikuruhusiwa kuwa tiketi ya kuingilia, wino wa kijana wa bodaboda umepata wapi nguvu ya kuwa kufuli la mlango? Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba katika Kristo kutahiriwa si kitu wala kutotahiriwa si kitu, bali imani itendayo kazi kwa upendo. Na mwishoni mwa waraka huohuo alisema yeye mwenyewe anachukua mwilini mwake chapa zake Yesu, yaani makovu ya mateso aliyoyapata kwa ajili ya Injili. Kama angeingia kanisani kwetu bila kujitambulisha, tungemwona mzee mwenye makovu ya fimbo na mawe, na pengine tungeshika mikoba yetu.

Tena kuna habari ya Matendo 8. Towashi wa Kushi, mweka hazina wa malkia, alikuwa anarudi kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu. Mwili wake ulikuwa umebadilishwa, na torati katika Kumbukumbu 23:1 ilimzuia mtu wa namna yake kuingia katika kusanyiko la Bwana. Alisafiri safari ndefu kwenda kumwabudu Mungu ambaye, kwa alivyosikia, asingempokea ndani. Njiani anasoma kitabu cha Isaya. Mbele kidogo tu ya mahali alipokuwa anasoma, katika sura ya 56, kuna ahadi kwa towashi kwamba asijiite mti mkavu, kwa maana Mungu atampa jina ndani ya nyumba yake.

Roho akamtuma Filipo kwenye njia ile. Filipo alifanya nini? Alikimbia kulifikia gari, akauliza kama anaelewa anachosoma, akapanda, akaketi pamoja naye. Towashi alipoona maji akauliza kuna kizuizi gani asibatizwe. Ni swali la mtu aliyezoea kuzuiwa. Filipo hakumtajia kizuizi. Wakashuka wote wawili majini.

Na kumbuka, watu wa namna ile wengi wao hawakuchagua. Walifanyiwa wakiwa watoto au watumwa. Hali kadhalika mtoto wa Kibarbaig na binti wa Kimakonde wa zamani hawakuketi wakapiga kura juu ya nyuso zao. Tunamwadhibu mtu kwa mkono wa wazazi wake.

Alama ya mnyama, na alama ya Mwanakondoo

Wapo wanaosema michoro hii ni ile alama ya mnyama ya Ufunuo 13. Ndugu yangu, soma sura hiyo hadi mwisho, kisha uendelee na ya 14. Alama ya mnyama inahusu ibada: nani anamsujudia mnyama na kuikubali mamlaka yake. Mtu anaweza kuichukua huku ngozi yake ni safi kama ya mtoto mchanga, kwa rushwa anayopokea na uongo anaoutetea. Na sura ya 14 inaanza na watu wenye jina la Mwanakondoo katika vipaji vya nyuso zao. Hata alama aliyopewa Kaini katika Mwanzo 4:15, ambayo tunapenda kuitumia kama tusi, Mungu aliiweka ili mtu yeyote asimuue. Ilikuwa kinga ya mkosaji.

Ukienda Ethiopia utawakuta akina mama Waorthodoksi waliochanjwa msalaba kwenye paji la uso. Wakristo wa Koptiki wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, na wengi wao huchorwa wakiwa watoto. Kwao mchoro huo ni ungamo: katika nchi ambayo Wakristo ni wachache, hawawezi kuukana. Kanisa lao ni la kale kuliko makanisa yetu yote. Je, mama yule wa Ethiopia akija Ikwiriri leo, tutamwambia akafute uso kwanza?

Neno kwa vijana

Kwa kuwa nimewasema wazazi na wazee wa kanisa, nawageukia vijana. Sijasema mkajichore. Mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu, na ulinunuliwa kwa thamani. Kinachodumu maisha yote kisiamuliwe kwa hasira ya jioni moja, wala kwa kumwiga msanii, wala kwa jina la mpenzi wa miezi minne. Sindano isiyo safi inaweza kukupa homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Tena dunia ina masharti yake: matangazo ya ajira za Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamemtaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Ukijichora leo, ujue unaweza kuwa umefunga mlango fulani kwa mkono wako.

Lakini Kanisa si kituo cha usaili wa polisi. Jeshi lina haki ya kuchagua linaowataka. Kanisa halikupewa haki hiyo. Aliyefungiwa mlango kule ndiye hasa anayepaswa kuukuta wazi huku. Na kama umeshajichora na unajuta, usikae nyumbani ukisubiri ngozi itakate ndipo uje. Haitatakata, nawe unahitajika leo.

Cha kufanya juma hili

Imani bila matendo imekufa, kwa hiyo tuondoke na mambo machache ya kutenda.

Kwanza, wahudumu wa mlangoni. Yakobo 2 inasimulia kanisa lililompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, likamwambia maskini asimame kule. Yakobo alipokemea jambo hilo alinukuu amri ya kumpenda jirani, amri inayopatikana katika Walawi 19:18, sura ileile ya chale. Mkaribishe kila mtu kwa salamu ileile na kiti kilekile. Mwenye chale usoni usimpeleke benchi la nyuma kwa kisingizio kwamba atakuwa huru zaidi.

Pili, viongozi wa kwaya na vikundi. Kijana mwenye mchoro akitaka kuimba, mpime kwa sauti yake na mwenendo wake, kama unavyowapima wengine. Ukiwa na neno la kumwonya, mwite pembeni, tena baada ya kumjua.

Tatu, wazazi ambao binti yao ameleta mchumba mwenye mchoro mkononi. Ulizeni anafanya kazi gani, anaheshimuje mama yake, anasali wapi, ana deni gani, anakunywa kiasi gani. Yakishajibiwa hayo, ulizeni pia habari ya mchoro, kwa upole. Huenda ni upuuzi wa ujana. Huenda pia ni jina la mama yake aliyefariki. Hapo mtakuwa mmekutana na msiba, na kijana aliyefiwa hahitaji kusomewa mstari wa 28 kwa sauti kali. Anahitaji mtu wa kumwambia pole, kisha amweleze polepole tumaini la ufufuo.

Nne, kila mmoja wetu kwa ulimi wake. Juma hili tuache neno Mang'ati. Tuulize mtu anaitwa nani, tumwite kwa jina hilo. Maziwa unayonunua yana muuzaji mwenye jina.

Nabii Isaya, katika sura ya 49, anaeleza Sayuni akilia kwamba Bwana amemsahau. Jibu la Mungu ni kwamba amemchora katika viganja vya mikono yake. Na Yesu aliyefufuka, alipotaka wanafunzi wamjue kuwa ni yeye, aliwaonyesha mikono yenye alama za misumari na ubavu wenye kovu la mkuki. Mwili wa utukufu ulibaki na makovu. Tomaso aliamini kwa kuyaona.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyemwambia Samweli asitazame sura wala kimo, tutazamie mioyo yetu leo. Wasamehe waliosogea pembeni kwenye benchi. Wafariji waliobaki peke yao kwenye benchi hilo. Uponye kidonda cha Rufiji na Kibiti, kwa mkulima na kwa mfugaji. Utufanye wenyeji wema kwa wageni, kwa kuwa sisi nasi tulipokelewa. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Nakutakia Jumapili njema.